Gitaa Moja Linatosha

Somo: 2 Samweli 12:1–7

Wacha leo nianze kwa kukiri, kisha tuingie kwenye Neno.

Mpaka mwaka juzi nilikuwa na magitaa manne ya umeme. Manne, na mikono yangu ni hii miwili tu. Jekundu lilikuwa la ibada. Jeusi lilikuwa la sauti nzito. La tatu lilikuwa kwa ofa, nikalinunua kwa mkopo wa simu. La nne, nikisema ukweli mbele za Mungu, nililipenda rangi. Na huyu ni mimi, mwenye shahada ya biashara, ninayewafundisha ninyi bajeti kila Januari.

Jumatano moja jioni kijana wa timu yetu ya sifa alikuja nyumbani. Mchana hufanya kibarua cha mjengo, jioni ndiyo hupata nafasi ya mazoezi. Akaniambia, "Pasta, naomba uniazime gitaa moja wiki hii nijifunze zile nyimbo. Jumapili nalirudisha." Nikamjibu, "Ndugu yangu, yote yanatumika." Akasema, "Sawa Pasta, Mungu akubariki," akaenda zake.

Mke wangu alikuwa jikoni na alisikia yote. Akaniuliza polepole, "Baba watoto, lile jeusi mara ya mwisho umelishika lini?" Sikuwa na jibu. Nilienda ukutani, nikapitisha kidole juu yake, kidole kikatoka na vumbi.

Sasa, wiki hiyo nilikuwa natayarisha mahubiri juu ya dhambi ya Daudi na mke wa Uria. Nilikuwa nimejipanga kukemea watu. Lakini nilipofika kwenye ile hadithi ya Nathani sikuweza kuendelea. Unaikumbuka? Tajiri ana kondoo na ng'ombe wengi mno. Maskini ana mwana-kondoo mmoja tu. Mgeni anafika, na tajiri anaona uchungu kugusa zizi lake mwenyewe. Anakwenda kumchukua yule mmoja wa maskini. Daudi akawaka hasira, akamhukumu yule tajiri, na Nathani akamgeuzia kidole. Mpendwa, siku ile kidole kile kilinifikia hata mimi, na kilikuwa na vumbi la gitaa.

Kuna mambo matatu niliyojifunza hapo.

La kwanza: wingi hauleti ukarimu. Sisi husema, "Mungu akiniongezea, nitatoa." Hebu mwangalie huyu tajiri. Aliongezewa, na bado aliona uchungu kutoa mmoja kati ya wengi. Mimi nilipokuwa na gitaa moja tu, siku za chuo, nililiazima watu bila kuulizwa mara mbili. Nilipofika manne nikaanza kudanganya. Kama moyo haujatoa kwenye kidogo, usidhani utaamka siku moja utoe kwenye kingi. Tumezoea kusimama hapa na kudai gari la pili na ploti ya pili. Sikatazi mtu kuomba. Nauliza tu, je, lile la kwanza limewahi kumbeba jirani mgonjwa?

La pili: kitu kimoja hujulikana. Biblia inasema yule mwana-kondoo alikula chakula cha bwana wake, akanywa kwenye kikombe chake, akalala kifuani pake. Sidhani yule tajiri aliwajua kondoo wake namna hiyo.

Ndivyo ilivyo na gitaa. Mengi ya umeme yana zile sumaku ndogo chini ya nyuzi zinazonasa sauti. Wapigaji huziita pikapu, na si lile gari la kubeba mboga. Ile iliyo karibu na shingo hutoa sauti nene na tulivu, inafaa wakati wa maombi. Ile iliyo kule nyuzi zinapofungwa hutoa sauti kali, inafaa wakati wa sifa watu wakiruka. Kuna swichi ya kuchagua, kuna kitasa cha kiasi cha sauti na kingine cha ukali wake. Kwa miaka mingi vitasa hivyo nilivifungua mpaka mwisho na kuvisahau. Nikitaka sauti tofauti, nilitafuta gitaa tofauti. Niliponyimwa njia hiyo ndipo nikagundua kwamba sauti nilizokuwa nikizinunua madukani zilikuwa tayari mkononi mwangu.

Huko Uingereza, mwaka 1963, kijana mmoja aitwaye Brian May alitaka gitaa la umeme na pesa za kununua hakuwa nazo. Yeye na baba yake wakaanza kulitengeneza nyumbani. Shingo ilitoka kwa mbao za meko ya zamani, springi zilitoka kwa pikipiki kuukuu. Baadaye akawa mpigaji wa bendi ya Queen, na mwaka 2002 akasimama juu ya paa la kasri la Buckingham akilipiga gitaa lile lile. Simtoi kama mfano wa wokovu. Namtoa kwa sababu alikaa na kitu kimoja mpaka akakijua. Musa naye aliulizwa ana nini mkononi, na ilikuwa fimbo ya kuchungia tu.

La tatu: kilicholala kwako kina mtu kinayemngojea. Kwenye biashara tunaita stoki iliyolala. Umeweka pesa, imekaa kwenye rafu, haizunguki, na kila mwezi thamani inashuka. Magitaa yangu matatu yalikuwa stoki iliyolala huku riba ya mkopo ikiwa macho usiku na mchana. Na kijana mwenye kipawa alikuwa akifanya mazoezi bila chombo.

Nikauza mawili, nikamaliza ule mkopo, na pesa iliyobaki nikampa mke wangu, kwa sababu yeye ndiye alikuwa amefunika lile pengo bila kunung'unika. Lile jeusi nilimpelekea kijana mpaka kwake, nikamwomba msamaha kwa uongo wangu. Hakuniuliza maswali mengi. Alilipokea kwa mikono miwili. Sauti mnayoisikia upande wa kushoto kila Jumapili ndiyo hiyo.

Usinielewe vibaya. Anayerekodi nyimbo kila siku anaweza kuhitaji mawili matatu, kama vile fundi asivyoenda kazini na nyundo moja. Na kuwa na moja kunahitaji akili: mimi hubeba nyuzi za akiba mfukoni. Mwezi uliopita uzi ulikatika katikati ya sifa. Nilimaliza wimbo kwa tano zilizobaki, na hakuna roho aliyetoka nje.

Labda wewe hupigi gitaa. Mama, labda ni vile vyombo vya wageni kwenye kabati la kioo ambavyo wageni hawajawahi kuviona. Ndugu, labda ni viatu, au simu ya zamani kwenye droo wakati mtoto wa dada yako anaomba ya kusomea. Wiki hii fanya hivi: pitisha kidole juu ya vitu vyako. Palipo na vumbi, muulize Bwana ni cha nani. Halafu umpigie mtu huyo simu kabla ya Jumapili.

Tuombe. Baba, tusamehe kwa kuhesabu vingi na kutumia vichache. Tufundishe kukijua kile ulichotupa, na utupe moyo wa kukiachilia. Katika jina la Yesu. Amina.