NGUO ZA VITA ZA SAULI

Somo: 1 Samweli 17:38-40



Mnajua habari hii. Mfalme Sauli alimvika Daudi nguo zake za vita. Daudi akajaribu kutembea, akashindwa. Akazivua, akachukua fimbo, teo na mawe matano ya mtoni. Hakwenda kwa Goliathi akifanana na mfalme. Alikwenda akiwa mchungaji wa kondoo, jinsi Mungu alivyomtengeneza.

Leo Sauli anatuvika tena. Siku ya soko hapa Kpandroma tunaona vijana wanaotaka wote suruali moja, nywele moja, na uso mmoja kama wa picha za simu. Nguo mtu anaweza kuvua, kama Daudi. Lakini mafuta ya kuchubua ngozi ni nguo isiyovuliwa.

Tuseme wazi. Mengi ya mafuta hayo yana haidrokinoni, inayozuia ngozi kutengeneza rangi yake. Mengine yana zebaki, ileile ambayo wachimbaji wa Mongbwalu wanakamatia dhahabu. Rangi yetu ndiyo kinga mbele ya jua. Ikiharibiwa, madoa meusi yanakuja, ngozi inakuwa nyembamba, na mama akipasuliwa wakati wa kuzaa, kidonda kinakawia kupona. Zebaki inaharibu figo. Ulaya yenyewe, ambako tunataka kufanana nako, imekataza haidrokinoni katika mafuta ya ngozi tangu mwaka 2001.

Wazee wanakumbuka: mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza suti na tai, watu wakavaa abakosi. Mwaka 1990 katazo likaondolewa, tai zikarudi shingoni. Sheria peke yake haibadilishi moyo. Basi hatuandiki haya ili mtu afukuzwe hekaluni. Mama anayejipaka asichekwe. Asindikizwe kwa munganga, asaidiwe kuacha. Nanyi ndugu wanaume mnaosifu weupe tu wa mwanamke, ninyi ndio mnamtuma dukani kununua mafuta hayo.

Mungu alipomwita Papa Simon Kimbangu kule Nkamba mwaka 1921, hakumwomba kwanza ngozi nyingine. Nasi hakutuomba. Tukiingia hekaluni tunavua viatu. Tuvue pia nguo za Sauli.

Upendo, Amri, Kazi. Amina.