Saa za Mwanachuo ni za Nani?

Wahenga walinena kuwa wakati ni ukuta. Hawakusema ukuta huo ni wa nyumba ya nani, na hapo ndipo linapozuka suala la mwanachuo.

Na achukuliwe kijana asomaye Tunguu, Unguja, aliyebakiwa na siku moja tu kabla ya mtihani. Asubuhi inabishwa hodi: jirani amefariki, maziko ni baada ya alasiri. Wapo wasemao abaki na kitabu chake, kwani wazazi walichuma na kuanika karafuu ili asome. Wapo wasemao elimu isiyomfikisha mtu kaburini kwa jirani yake ni mzigo wa karatasi. Kila upande una hoja yake. Lakini wote wanaanza hesabu siku ile, ilhali deni lilikwishakopwa wiki nyingi nyuma.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu chake cha mwaka 1885, alieleza namna alivyojipima mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana. Aliona kuwa marudio 38 yaliyogawanywa katika siku 3 yalimfaa sawasawa na marudio 68 yaliyorundikwa katika siku moja. Walimu wa vyuo vya Kurani visiwani wamelifuata jambo hilo bila ya kulipima: mtoto hupewa aya chache, akazirudia kesho yake kabla ya kuongezewa nyingine. Huko ndiko kudurusu, na haba na haba hujaza kibaba.

Basi kuzipanga saa si ubahili, kama wadhanivyo wengi. Aliyesoma kidogo kila siku anaweza kukifunga kitabu bila ya kutetemeka, akalipokea jeneza begani kwa zamu yake. Aliyeyarundika yote katika siku moja, hata akienda, mwili utasimama kaburini na moyo utabaki kwenye daftari. Na akirudi nyumbani, moyo utakuwa kaburini na macho kwenye daftari. Atakuwa amewakosa wote wawili, maiti na mwalimu.

Saa za mwanachuo, kwa hiyo, ni amana. Zina sehemu ya wazazi, sehemu ya mwalimu, na sehemu ya mgeni atakayebisha hodi bila ya taarifa. Anayeitunza amana hiyo mapema ndiye pekee atakayekuwa na cha kumpa mgeni huyo.