Divai Njema: Ya Kuwekwa au Ya Kunywewa Pamoja?

Wahenga walisema, akiba haiozi. Neno hili ni kweli kwa fedha. Je, ni kweli pia kwa divai njema? Twauliza kwa kuwa wako matajiri katika Ulaya na Marekani wakusanyao divai kama wengine wakusanyavyo vito, wakapanga chupa kwa maelfu ambazo pengine hawatazizibua kamwe.

Kwanza yafaa tuwatendee haki. Kuweka divai si upumbavu. Divai nyekundu iliyo bora, kama ile ya Bordeaux huko Ufaransa, ikinywewa ingali changa hukausha ulimi. Ikilazwa miaka kumi au ishirini mahali penye giza na ubaridi, ukali wake hutulia na harufu yake huzidi uzuri. Chupa hulazwa ubavu ili kizibo kisikauke, hewa ikaingia. Basi mwenye kuiweka vema amsaidia mkulima kuikamilisha kazi yake.

Lakini ukamilifu una siku yake. Hata divai iliyo bora hufika upeo wake, kisha hushuka, na mwenyewe huenda asijue. Hapo akiba huoza kweli.

Mwaka 1989 mfanyabiashara mmoja, William Sokolin, alichukua chupa ya Château Margaux, iliyosemekana kuwa ya mwaka 1787, akaenda nayo karamuni katika mji wa New York. Bei yake ilitajwa kuwa nusu milioni ya dola. Chupa ikagongwa, ikatoboka, divai ikamwagika juu ya zulia. Bima ililipa dola 225,000. Fedha ilirudi; lakini karamu ambayo divai ile ilitengenezewa haikuwako, wala hakuna bima iwezayo kuilipa.

Je, tuseme basi kila divai inywewe leo? La. Waingereza wa zamani walikuwa na desturi njema: mtoto akizaliwa, baba au mdhamini wake wa ubatizo huweka divai ya Ureno iitwayo port, izibuliwe mtoto atimizapo miaka 21. Divai ile yawekwa, tena kwa muda mrefu; lakini tangu siku ya kwanza ina siku yake na watu wake. Hapo kuweka na kushiriki si maadui.

Wala tusidhani twamtetea mlevi. Yeye naye hashiriki divai, aimeza tu. Katika arusi ya Kana divai njema ilitolewa kwa ajili ya furaha ya watu waliokusanyika.

Na sisi tusio na chupa za bei hiyo, tusicheke upesi. Ni nani asiye na sahani za wageni ambazo hakuna mgeni aliyepata kuzilia, au kanga iliyoliwa na mende sandukuni? Kila tuwekapo kitu chema, na tujiulize: twamwekea nani, na hata lini? Asiyeweza kujibu hakuweka akiba, amezika.