Fedha za Jeshi na Kalamu ya Msomi

Kuna swali ambalo sisi tuliofundisha umri wetu wote hatukulikuta katika mtihani wowote. Je, msomi mwenye dhamira njema aiandikie serikali ombi la fedha za kufanyia utafiti wa zana za ulinzi? Nasema kuandika ombi, sisemi kuunda bomu. Bomu limekwisha kujadiliwa sana, na wanasiasa, na maaskofu, na mashehe. Lakini kabla ya bomu kuna karatasi. Kuna mtu aliyeketi mezani usiku, akaeleza anachotaka kufanya, akataja gharama na muda, akatia sahihi. Huyo hasemwi sana, na mimi ndiye ninayetaka kumsema leo.

Wako wanaojibu haraka kwamba fedha haina ukoo. Ikiingia maabara imekuwa fedha ya elimu. Wako wengine wanaojibu haraka vilevile kwamba anayekula meza moja na jeshi amekwisha kushika bunduki. Majibu yote mawili yana raha yake, kwa sababu yanamwondolea mtu kazi ya kufikiri.

Ni vema kwanza tutazame jinsi mambo yenyewe yanavyokwenda, na nchi ya kutazama ni Marekani, kwa kuwa huko ndiko utaratibu huu ulikokomaa. Mwezi Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik. Wamarekani walishtuka, na mwaka 1958 wakaunda shirika la utafiti wa kijeshi lililoitwa ARPA, ambalo baadaye likaongezewa herufi moja likawa DARPA. Shirika hilo halikujengewa maabara kubwa za kwake. Kazi yake ni kutangaza matatizo, na kuwalipa wasomi wa vyuo vikuu na makampuni wayatatue. Mwombaji hupeleka kwanza muhtasari mfupi. Akiitikiwa, huandika ombi kamili. Kwa njia hiyo ulizaliwa mwaka 1969 mtandao wa ARPANET, mama wa intaneti ambayo wajukuu wetu hawawezi kulala bila kuichungulia.

Kati ya mwaka 1975 na 1977 shirika hilo liliongozwa na mhandisi George Heilmeier, mmoja wa watu waliovumbua vioo vya maji-fuwele vinavyoonyesha tarakimu katika saa na kikokotoo. Mtu huyu alichoshwa na maombi yenye maneno makubwa, akatunga maswali ambayo kila mwombaji sharti ayajibu. Unataka kufanya nini? Lieleze bila lugha ya kitaalamu. Leo jambo hilo linafanywaje, na linakwama wapi? Wewe una jipya gani? Ukifaulu, nani atajali, na kitabadilika nini? Hatari zake ni zipi? Gharama kiasi gani? Muda gani? Na mitihani ya katikati na ya mwisho ya kupimia mafanikio ni ipi?

Niliposoma maswali hayo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Hilo ni andalio la somo! Kwa miaka mingi nimewakagua wanachuo wa ualimu katika mazoezi ya kufundisha, na hayo hasa ndiyo niliyokuwa nikiwauliza: shabaha yako nini, utajuaje kuwa umefika. Ningempa Heilmeier kazi ya ukufunzi bila usaili. Hata hivyo nilipoyasoma mara ya pili niliona pengo. Swali la hatari linahusu hatari ya kushindwa, yaani fedha kupotea na mtambo kutofanya kazi. Hakuna swali linalouliza: ukifaulu, nani ataumia? Kwa mwalimu, kushindwa ndiyo hatari. Mtoto aliyefaulu hesabu hamdhuru mtu kwa kufaulu kwake. Utafiti wa kijeshi ni tofauti. Hatari yake kubwa imo ndani ya kufaulu.

Sababu ya mimi mzee kuingia katika mambo haya ni barua. Kijana niliyewahi kumfundisha, ambaye sitamtaja jina, yuko ng'ambo akisomea shahada ya tatu. Kazi yake ni vinasa mtetemo, vijidude vidogo vinavyofukiwa ardhini ili visikie kinachopita juu. Shabaha yake tangu awali ni ndovu. Anatoka katika kijiji ambacho ndovu huingia mashambani usiku, na watu huwafukuza kwa madebe na mienge, na mara nyingine anayekufa ni mtu. Yeye anataka kijiji kipate habari mapema. Sasa fedha za profesa wake zinaelekea kwisha, na profesa anaandaa ombi kwa ofisi ya utafiti ya jeshi. Amemtaka kijana aandike ukurasa mmoja: jinsi ya kutofautisha hatua za mnyama na hatua za mwanadamu. “Shikamoo Mwalimu,” aliniandikia, “naomba ushauri wako kabla sijaandika, maana nikishaandika nitakuwa nimeandika.” Posho yake inategemea ombi hilo, na kwa posho hiyo wadogo zake wawili wanasoma.

Sitaki msomaji adhani kuwa kijana huyu ana wasiwasi wa bure. Jambo la vinasa mtetemo lina historia. Katika kiangazi cha mwaka 1966, wakati wa vita vya Vietnam, kundi la maprofesa mashuhuri wa Marekani liitwalo JASON liliombwa na Waziri wa Ulinzi, Robert McNamara, lichunguze vita hivyo. Wakagundua kwamba mabomu yaliyomwagwa juu ya Vietnam ya Kaskazini hayakuwa yamefanikisha lililokusudiwa. Wakapendekeza badala yake kizuizi cha elektroniki: vinasa sauti na vinasa mtetemo vidondoshwe kutoka angani ili kutambua askari na magari yanayopenya kwenda kusini. Wengi wao walitumaini kwamba kwa njia hiyo mabomu yangepungua. Pendekezo lilichukuliwa, fedha zikatoka, na kuanzia mwaka 1968 hadi mwanzoni mwa 1973 vinasa vilidondoshwa kwa wingi katika misitu ya Laos, kwenye njia iliyoitwa ya Ho Chi Minh. Habari zake zilipokelewa na kompyuta huko Nakhon Phanom, Thailand. Nazo ziliwaelekeza marubani mahali pa kudondosha mabomu. Watu waliotaka kuyapunguza mabomu waliyapatia masikio.

Simsimulii msomaji habari hii ili aseme, basi, jibu limepatikana. Sipendi wale wanaolishutumu jeshi wakiwa wamelala usingizi mzuri chini ya ulinzi wake. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia ardhi yetu kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likabomolewa. Mimi nilikuwa mwalimu kijana. Tulikusanyika kwenye redio kumsikiliza Mwalimu Nyerere akituambia kwamba uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Sababu na nia vilikuwa vyetu, havikuagizwa kokote. Uwezo je? Zile roketi ambazo Waganda walizipachika jina la Saba Saba ziliundwa Urusi. Yaani kulikuwa na mhandisi fulani ambaye miaka mingi kabla aliketi mezani akaiomba serikali yake fedha. Kama angekataa kwa ajili ya dhamira, na wenzake wote wakakataa, watu wa Kagera wangelindwa na nini? Na sisi wenyewe tuna pale Kibaha kituo kinachotengeneza malori ya Nyumbu, kilicho chini ya wizara ya ulinzi. Sijapata kumsikia mtu akimlaumu fundi wa pale.

Tena kuna habari ya malaria, nayo inatugusa zaidi ya roketi. Katika vita hivyohivyo vya Vietnam, mbu hakuchagua upande. Klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa, na askari wa pande zote mbili walikuwa wakianguka kwa homa. Jeshi la Marekani, kupitia taasisi yake ya Walter Reed, lilipima maelfu kwa maelfu ya kemikali, na kazi hiyo ikazaa dawa ya mefloquine. Upande wa pili, Vietnam ya Kaskazini iliomba msaada China. Tarehe 23 Mei 1967 Wachina wakaanzisha mradi wa siri wa kijeshi, wakauita 523 kwa tarehe hiyo. Bibi Tu Youyou aliingizwa katika mradi huo mwaka 1969. Akapekua vitabu vya kale vya waganga wa kwao, na humo akapata njia ya kuikamua dawa kutoka katika mmea wa artemisia bila kuiunguza kwa moto. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa mseto ambayo mama yeyote wa Tanzania anaijua, ile ya kumeza asubuhi na jioni kwa siku tatu, imetoka huko. Hata chanjo ya malaria iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Oktoba 2021, ambayo majaribio yake yalifanyika pia Bagamoyo na Korogwe, ilibuniwa kwa ushirikiano wa kampuni ya dawa na watafiti wa Walter Reed.

Basi mtu aliyenijia na hoja kwamba fedha ya jeshi ni najisi, nitamwuliza kama mjukuu wake akipata homa usiku atamnyima dawa mseto.

Lakini ipo sehemu ya habari hiyo ambayo huwa haisimuliwi. Mradi wa 523 ulikuwa siri. Mambo yaliyogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 yalianza kuchapishwa mwaka 1977, tena kwa Kichina na bila majina ya watafiti. Sisi huku tuliendelea na klorokwini. Chuoni kwetu masika yalipofika, bweni zima lilikuwa likijikuna, kwani dawa hiyo huwawasha watu wengi mwili mzima, na wanachuo wengine waliitupa dirishani wakaugua zaidi. Hapa Tanzania klorokwini iliachwa kuwa dawa ya kwanza mwaka 2001, na dawa mseto ikashika nafasi hiyo mwishoni mwa 2006. Sisemi siri peke yake ndiyo iliyotuchelewesha. Kulikuwa na bei, na viwanda, na mengine. Nasema tu kwamba dawa iliyofungiwa kabatini haimtibu mtoto, hata ikiwa imepatikana kwa nia njema.

Ndiyo maana naona kwamba swali la fedha imetoka wapi ni swali la pili. La kwanza ni maneno yenyewe ya ombi. Mwaka 1969 Bunge la Marekani lilipitisha kifungu kilicholetwa na Seneta Mike Mansfield, kwamba fedha za ulinzi zisitumike kwa utafiti usiokuwa na uhusiano wa dhahiri na kazi ya kijeshi. Kabla ya hapo profesa wa hesabu aliweza kulipwa na jeshi huku akijiambia kwamba yeye na jeshi hawajuani. Sasa alitakiwa aandike uhusiano huo kwa mkono wake. Kifungu kililegezwa mwaka uliofuata, lakini mimi nakipenda. Kilimlazimisha mwombaji achague: ama aseme kweli kwamba kazi yake itasaidia vita, ama adanganye ili alipwe. Hapana njia ya tatu. Msomi anayeandika kwamba kinasa chake kitamtambua adui, huku moyoni akisema kwamba anawaza ndovu tu, amewadanganya wanaomlipa, na kwa kuwa nao si wajinga, aliyedanganyika hasa ni yeye.

Kijana wangu nilimjibu hivi. Nilimwambia kwamba simzuii. Kwanza aulize kama matokeo yatachapishwa kwa uhuru. Serikali ya Marekani ilikwisha kutamka mwaka 1985 kwamba utafiti wa msingi usifungwe kwa kadiri iwezekanavyo, basi ajue ombi lao linahesabiwa kuwa la msingi au la. Likiwa la kufungiwa kabatini, nilimshauri asiandike, hata kwa hasara ya posho, nami najua hasara hiyo ni ya nani. Likiwa wazi, aandike, lakini aongeze lile swali ambalo Heilmeier hakuliuliza, alijibu humohumo ndani ya ukurasa, na profesa akilifuta atakuwa amepata jibu. Nilimtajia pia Joseph Rotblat, mwanafizikia aliyezaliwa Poland, aliyeingia kazi ya bomu la atomiki kwa hofu kwamba Hitler angelipata kwanza. Mwishoni mwa mwaka 1944 ilipojulikana kuwa Wajerumani hawakuwa nalo, alifunga mizigo akaondoka Los Alamos, akaenda kutumia elimu yake katika tiba. Sababu yake ilikuwa imekwisha, naye hakutafuta nyingine. Wenzake wengi walibaki, wala hawakuwa watu wabaya.

Wiki mbili baadaye alinitumia rasimu, mjukuu wangu akanichapia kwenye karatasi. Matokeo yatachapishwa, anasema; profesa amempa nusu ukurasa zaidi kwa lile swali, ingawa amenung'unika. Nimeisoma kwa kalamu nyekundu, kwa mazoea. Mara nne ameandika neno lenye maana ya shabaha, bila kueleza kama ni ndovu, au mwizi wa meno ya ndovu, au askari, au mwanamke anayekwenda kuteka maji alfajiri. Nimelipigia mstari mara zote nne, na pembeni nimeandika: nani huyu?