Shoto, Gitaa na Mizani ya Haki

Mwenye shoto anapotaka kujifunza gitaa, hukabiliwa na swali la haki kabla ya kugusa uzi: je, mtu aufuate upande wa ala, au ala imfuate mtu? Lugha yenyewe imekwisha kuegemea. Mkono mmoja imeuita wa kulia, kwa kuwa ndio wa kulia chakula. Nayo magitaa, popote yauzwapo, aghalabu huundwa ili mkono huo ucharaze na wa kushoto ubane nyuzi.

Wapo walioipindua ada hiyo. Elizabeth Cotten wa North Carolina, Marekani, aliligeuza gitaa la kawaida bila ya kuhamisha uzi hata mmoja, gumba lake likapiga lahani na vidole vikapiga besi. Jimi Hendrix (1942–1970) naye aliligeuza, ila alizipanga nyuzi upya zifuate mkono wake. Leo yapo magitaa yaliyoundwa tangu mwanzo kwa ajili ya mwenye shoto.

Hata hivyo, husemwa kuwa magitaa hayo si ya lazima. Kubana nyuzi ni kazi nzito. Basi mwenye shoto na ashike gitaa la kawaida, abane kwa mkono wake wenye nguvu. Ya nini kuikataa faida hiyo?

Hoja hii hupimwa na ile chodi inayomtaka mpigaji akilaze kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita. Katika gitaa la shoto, kazi hiyo huuangukia mkono wa kulia, uliozoea kusaidia tu. Kwenye chuma cha kwanza cha shingo, nyuzi ni kaidi: mmoja hukwaruza, wa pili huwa bubu. Mwanafunzi hukaza gumba hadi kiganja kikauma, na sauti isitoke.

Njia ya salama ni kuanzia chuma cha tano, ambako nyuzi ni laini zaidi. Kukilaza kidole kwa ubavu wake wenye mfupa, karibu kabisa na chuma. Na kuuacha uzito wa mkono uivute shingo badala ya gumba kuikaba. Zaidi ya hayo, vidole vitatu vingine hubeba nyuzi tatu za kati, vikakibakishia cha shahada tatu tu. Kidole kimoja, walisema wahenga, hakivunji chawa.

Sasa na atazamwe asiye na shoto. Naye huibana chodi hiyo hiyo kwa mkono wake dhaifu, na huumia vivyo hivyo. Gitaa la shoto, basi, halimwondolei mwenye shoto taabu. Humpa ile ile ya wenziwe, na kuuachia mkono wake hodari kazi ya kucharaza, ambako mwendo wa wimbo hukaa. Anayemwahidi wepesi wa kubana humnyang'anya mapigo yake, kisha akataka ashukuriwe.

Haki haikuahidi wepesi. Huahidi kwamba ugumu utakaomkuta mtu utakuwa wa kazi yenyewe, wala si wa kuzaliwa kwake. Ustadi wa Cotten ni fahari yake. Usifanywe hoja ya kumnyima mwingine ala inayomfaa.