Anza na Filemoni

Wajukuu wangu, mmeniuliza Mkristo kijana wa hapa Chale asome nini kwenye simu yake. Nitaanza na la kuepuka, maana hilo lina makaburi.

Aprili 2023 makaburi ya msitu wa Shakahola, kule Kilifi, yalianza kufukuliwa. Miili zaidi ya 400 ilitolewa humo, mingi ikiwa ya watu waliofunga kula hadi wakafa, na watoto wakiwemo. Mahubiri ya Paul Mackenzie, anayeshtakiwa kwa vifo hivyo, yalikuwa yakirushwa kwenye runinga na mitandaoni muda mrefu kabla watu hawajahamia msituni. Msidhani wote walikuwa wajinga. Walisikiliza sauti moja mpaka ya mama, ya daktari na ya mwalimu zikawa kwao sauti za shetani. Basi akitokea mtumishi akawaambia msimsome mwingine ila yeye, msiende hospitali ya Msambweni, muwatoe watoto shuleni, zimeni hapo hapo. Na yule anayeombea watu huku nambari ya M-Pesa ikipita chini ya kioo? Huyo huenda hatamuua mtu, lakini yuko kazini.

La kusoma sasa. Biblia nzima ya Kiswahili ipo bure, ile ya Muungano ya 1952 na ile ya Habari Njema. Ukishaipakua huhitaji bando, hata ukiwa ndani ya ngalawa. Agano Jipya lipo kwa Chidigo pia. Ukurasa wa Kiswahili wa Vatican News huweka tafakari za masomo ya Jumapili, na mimi Mwanglikana huzisoma bila kuomba ruhusa kwa mtu. Hayo yatosha kwa kuanzia. Anayewapa orodha ya kurasa hamsini anajua hamtafungua hata moja.

Mkiifungua hiyo Biblia, msianze na Ufunuo. Humo ndimo wababaishaji walimojenga. Anzeni na Filemoni. Ni sura moja, aya 25, unaimaliza ukingojea abiria stejini. Paulo yuko kifungoni, anamwandikia tajiri mmoja kuhusu mtumwa wake Onesimo aliyemkimbia, na anamrudisha Onesimo akiomba apokewe kama ndugu. Nyinyi mmekulia mwendo mfupi tu kutoka mapango ya Shimoni, habari ya watumwa hamhitaji kusimuliwa. Kule Rabai na kwenye vituo vingine vya misheni, wamisionari walijikuta na watoro wengi, na mabwana wao wakaja kuwadai. Wangewarudisha, au wangewaficha? Mwishowe kampuni ya Waingereza iliwalipa mabwana fidia, na mwanzoni mwa 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Waraka ule mfupi uliandikiwa nyumba moja ya zamani mno, na swali lake likaja kupiga hodi pwani yetu.

Bado linapiga. Wengine wenu mna msichana wa kazi nyumbani Ukunda. Analala wapi? Mshahara wake wa mwezi uliopita mmemlipa? Na dada zenu walio Saudia, mnawaombea walipwe na watu ambao nao wana dini yao na wanasali. Usomaji wa imani usiofika jikoni kwenu mimi siuthamini sana, hata ukiwa umejaa Kigiriki.

Kuna jambo jingine. Jirani zenu wengi hapa ni Waislamu, na baadhi yao ni wajomba zenu wa damu. Naona mnatumiana video za mihadhara ya kukashifiana, mtu akishangiliwa kwa kumuaibisha mwenzake. Mwaka 1844, mmisionari Krapf alipoanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mjini Mombasa, aliyeketi naye kumsaidia alikuwa kadhi wa mji. Sura za kwanza kabisa za Biblia yetu zilipitia ulimi wa Mwislamu. Kabla hujasambaza kitu, jiulize kama ungeweza kukisoma kwa sauti mbele ya mjomba wako akiwa amekushikia kikombe cha kahawa.

Na msisome peke yenu. Yule Mwethiopia wa Matendo ya Mitume alikuwa na chuo chake garini, tena akisoma kwa sauti, lakini hakuelewa mpaka Filipo alipopanda akaketi kando yake. Hata mimi na umri huu nina wa kumuuliza.

Basi Jumapili baada ya ibada njooni barazani, kila mtu na tafsiri yake, mwenye Chidigo na aje na Chidigo. Miwani yangu haiwezi herufi hizo ndogo, mtanisomea. Tutaanza na aya ya 18, pale Paulo anaposema kwamba kama Onesimo anadaiwa chochote, deni hilo liandikwe kwake yeye. Nataka mniambie ni nani kati yenu amewahi kumdhamini mtu mkopo wa simu au wa chama, na kama deni lilipomrudia bado aliweza kumwita ndugu.