Mwenye Sauti na Mwenye Wimbo

Katika vitu ambavyo binadamu huzaliwa navyo, sauti ni kimoja kisichohitaji hati. Mwenye shamba huulizwa waraka wa shamba lake, na mwenye nyumba huulizwa ufunguo. Lakini hapana mtu aulizwaye sauti yake aliipata wapi. Kwa sababu hii yadhaniwa kuwa mtu akisikiwa amekwisha kupata haki yake, na kwamba mwimbaji ambaye wimbo wake umeenea duniani hana la kudai zaidi. Dhana hii ni nyepesi. Kusikiwa ni jambo moja, na kuwa na mamlaka juu ya kinachosikiwa ni jambo la pili. Mtumwa katika shamba la miwa alisikiwa akiimba. Wimbo wake ulimfurahisha mpita njia, na jioni mavuno yalikwenda ghalani kwa bwana.

Swali, basi, ni hili: ni nini kimfanyacho mtu kuwa mwenye wimbo? Je, ni koo lililoutoa, au mkono uliopiga ala, au fedha iliyolipia kazi, au jamii ambayo ndani yake maneno na miondoko ilizaliwa? Ni swali la zamani, lakini katika kisiwa cha Jamaika halikubaki vitabuni. Huko lilitiwa katika mizani ya maisha ya watu, na baadhi ya waliolilipia bei kubwa ni wanawake wa muziki wa rege, na wa mdogo wake uitwao dansiholi, yaani muziki wa kumbi za dansi.

Rege ilizaliwa Kingston mwishoni mwa miaka ya 1960, katika mitaa ya watu maskini. Watu hao hawakuwa na fedha za kukodi bendi; walicheza mbele ya mitambo mikubwa ya sauti iliyosimamishwa uwanjani usiku. Kutokana na hali hiyo ilitokea desturi isiyo ya kawaida. Upande mmoja wa santuri ulichapwa wimbo kamili, na upande wa pili ulichapwa mdundo mtupu, bila mwimbaji. Juu ya mdundo huo mtu yeyote mwenye ulimi mwepesi aliweza kusimama na kipaza sauti akaghani maneno yake. Mdundo mmoja ukabeba nyimbo kumi, ishirini, hata mia, na hapana aliyeona kuwa ameibiwa.

Desturi hii ina uzuri wake, na haifai kudharauliwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mdundo ulikuwa kama kisima cha kijiji: kila mtu alikuja na ndoo yake, akateka, akaenda zake, na maji hayakupungua. Lakini kisima ni cha wote maadamu maji hayauzwi. Siku mtu mmoja atakapotia kufuli mlangoni na kuanza kuuza maji kwa ndoo, kisha akawaambia waliochimba kuwa kisima ni mali ya wote na kwa hiyo hawastahili fungu, hapo ushirika umegeuka kuwa hila. Gharama na jasho vinabaki vya wote, lakini faida imekuwa ya mmoja.

Mfano ulio wazi ni wa Ophlin Russell, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1962 na kujulikana ulimwenguni kwa jina la Sister Nancy. Kazi ya kughani alijifunza kwa kumfuata kaka yake, Brigadier Jerry, aliyekuwa bingwa wa mitambo ya sauti. Zama hizo uwanja wa usiku ulikuwa uwanja wa wanaume, na msichana aliyeshika kipaza sauti alitazamwa kama aliyepotea njia. Mwaka 1982 alitoa santuri yake kubwa, One, Two. Ndani yake mlikuwa na wimbo Bam Bam ambao, kwa maelezo yake mwenyewe, uliongezwa mwishoni ili kuitimiza santuri. Kiitikio chake kilikuwa mwangwi wa wimbo ambao Toots and the Maytals walishinda nao mashindano ya sherehe za uhuru wa Jamaika mwaka 1966. Na mdundo wake, uitwao Stalag, ulikuwa umekwisha kupigwa katika miaka ya 1970. Kwa hiyo naye aliteka kisimani kama wenziwe.

Wimbo huo ukasafiri kuliko mwenyewe. Uliingia katika filamu ya Belly mwaka 1998; ukatumiwa na Kanye West mwaka 2016 na Jay-Z mwaka 2017, na hao ni wawili tu kati ya wengi walioukata vipande na kuupandikiza katika nyimbo zao. Wakati huo Sister Nancy alikuwa amehamia Marekani, akifanya kazi katika benki, akihesabu fedha za watu wengine. Kwa miaka zaidi ya thelathini wimbo haukumletea malipo. Mwaka 2014, aliposikia sauti yake ikinadi viatu katika tangazo la biashara, ndipo alipokwenda kwa wanasheria. Akapata nusu ya haki za santuri ile, na malipo ya miaka kumi iliyotangulia. Miaka mingine zaidi ya ishirini haikurudi. Maji yaliyomwagika hayazoleki.

Yafaa kuzisikiliza kwa uadilifu hoja za upande wa pili, kwa sababu si zote za kipuuzi. Husemwa kwanza kwamba mtayarishaji ndiye aliyelipia studio, utepe na uchapaji, na kwamba hasara ingalikuwa yake peke yake kama santuri isingalinunuliwa. Hoja hii ni kweli, na haki yake ni kwamba mtayarishaji apate fungu. Haisemi kwamba fungu hilo ni chungu kizima. Aliyetoa mashua hustahili sehemu ya samaki. Lakini mashua haijapata kuvua samaki peke yake.

Husemwa pili kwamba mwimbaji alikubali kwa hiari yake, na desturi ya siku zile ilikuwa hivyo. Lakini hiari ya mtu asiye na mlango wa pili ni hiari ya jina. Ridhaa hupimwa kwa uwezo wa kukataa. Na msichana wa miaka ishirini, asiyejua sheria, akipewa nafasi ambayo hajui kama itarudi tena, alikuwa na uwezo mdogo wa kukataa. Desturi nayo hueleza jambo lilivyotokea. Haithibitishi kuwa lilikuwa jema. Utumwa pia ulikuwa desturi katika kisiwa hicho hicho.

Husemwa tatu kwamba yeye mwenyewe aliazima mdundo na kiitikio, basi adai nini? Hoja hii ndiyo yenye kina, na jibu lake lagusa kiini cha suala. Hapana msanii aanzaye na utupu. Lugha yenyewe aliikuta, na nyimbo alizikuta. Lakini mamilioni ya watu walisikia kiitikio kile cha mwaka 1966, na mmoja tu ndiye aliyekifanya kiwe ushuhuda wa mwanamke aliyesimama mahali alipoambiwa kuwa si pake. Aliongeza kitu ambacho hakikuwako. Kinachomfanya mtu kuwa mwenye wimbo hakiwi kuubuni kutoka patupu, bali ni kuutia kitu ambacho bila yeye kisingalikuwamo. Kwa kipimo hiki wenye wimbo wanaweza kuwa wengi, na kila mmoja akastahili kwa kadiri ya alichotia. Anayeazima hudaiwa na aliyemwazima. Hapotezi kwa sababu hiyo haki yake kwa mtu wa tatu aliyeuza kilichochanganywa.

Mtu aweza kuuliza: je, wanaume nao hawakudhulumiwa? Walidhulumiwa, tena wengi. Tofauti ni kwamba mwanamume aliyedhulumiwa aliona mbele yake njia ambazo wanaume wenziwe wamezipita: kumiliki mtambo wake, kufungua studio yake, kuanzisha chapa yake. Mwanamke aghalabu aliingia katika muziki mkononi mwa kaka, mume au mpenzi. Aliingia kama mgeni, na mgeni haoni haya kushukuru, lakini huona haya kuhesabu vikombe vya mwenyeji.

Hata hivyo, wako wachache waliokataa ugeni. Sonia Pottinger alifungua duka la santuri katika Orange Street, Kingston, mwaka 1965, akawa mtayarishaji mkubwa wa kwanza mwanamke katika kisiwa hicho. Mwaka 1978 alitayarisha santuri ya Marcia Griffiths iitwayo Naturally. Baada ya kufa Duke Reid katika miaka ya 1970, Pottinger alichukua hazina ya kazi za Treasure Isle. Ikafuata kesi ndefu juu ya umilikaji, na hukumu ya kumpa haki haikutoka mpaka mwaka 2009, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Maisha yake yafundisha mambo mawili. La kwanza ni kuwa mwanamke aliweza kushika ufunguo wa nyumba ya muziki, na nyumba isianguke. La pili ni kuwa mwenye studio, awe mwanamume au mwanamke, huwa amana wa sauti za watu wengine. Jinsia ya mwenye ufunguo haimwongezei wala haimpunguzii deni hilo. Atafutaye haki hatosheki kubadili mikono inayoshika ufunguo. Hutazama pia ufunguo unafungulia nani.

Judy Mowatt alitafuta njia nyingine. Tangu mwaka 1974 yeye, Rita Marley na Marcia Griffiths walikuwa I-Threes, sauti tatu zilizosimama nyuma ya Bob Marley na kuzitia nyimbo zake upana wa kanisa. Mwaka 1979 alitoa santuri Black Woman aliyoitayarisha mwenyewe, akawasemea wanawake weusi ambao historia iliwabebesha mizigo ya wengine. Waimbaji waliokuwa wakiitikia wamekuwa wakisikiwa siku zote. Jambo jipya ni kuwa mwitikiaji alianzisha wimbo.

Ushahidi wa tofauti hii umo katika tuzo ya Grammy ya rege. Ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1985, ilishindwa na kundi la Black Uhuru, na katika kundi hilo alikuwamo mwanamke, Puma Jones. Sauti ya mwanamke ilikuwamo, basi, tangu siku ya kwanza. Lakini hakutokea mwanamke aliyeishinda kwa jina lake peke yake mpaka Januari 2020, Koffee, binti wa Spanish Town mwenye miaka kumi na tisa, alipoichukua kwa kazi yake Rapture. Kati ya sauti ya mwanamke na jina la mwanamke palikuwa na mwendo wa miaka thelathini na mitano.

Umilikaji una upande mwingine usiohusu fedha, nao ni mamlaka ya kuamua sauti itasema nini. Hapa jina la Marion Hall, aliyeitwa Lady Saw, haliepukiki. Mwaka 1994 wenye mamlaka wa Montego Bay walimpiga marufuku kuimba huko, kwa kuwa maneno yake yalikuwa machafu. Msomi Carolyn Cooper wa Chuo Kikuu cha West Indies alimtetea, akiona katika maneno hayo mwanamke anayeutamka mwili wake bila kuomba ruhusa. Wengine waliona kuwa matusi hayawi uhuru kwa kutamkwa na mwanamke. Pande zote mbili zina neno. Si kila neno huru ni neno jema. Lakini waimbaji wanaume walikuwa wameutangaza mwili wa mwanamke jukwaani kwa maneno ya namna ile ile, na wengi wakashangiliwa. Nyani haoni kundule. Hakimu apimaye watu wawili kwa mizani miwili hapimi maadili. Hupima nani anaruhusiwa kusema. Tena ni mwimbaji huyo huyo aliyeimba mwaka 1996 kuwahimiza wasikilizaji kujikinga kwa kondomu, na mwaka 2007 akaimba uchungu wa mwanamke asiyejaliwa mtoto. Waliomnyamazisha kwa ajili ya neno moja wangaliwakosesha watu hayo mengine.

Desemba 2015 Lady Saw alibatizwa, akaliacha jina lile na nyimbo zile, akawa mhubiri. Waliompinga walisema kuwa amekiri kosa. Waliompenda walisema kuwa amewasaliti. Huenda wote walikosea. Mtu aliyeazima nguo hawezi kuitoa sadaka, kwa sababu si yake. Anayeweza kuacha kitu kwa hiari ni mwenye kitu. Marufuku ya mwaka 1994 na toba ya mwaka 2015 zote zilinyamazisha nyimbo zile zile, lakini ya kwanza ilitoka kwa watu wasiokuwa na milki juu ya sauti hiyo, na ya pili ilitoka kwa mwenyewe. Aliyeshindwa kuona tofauti hiyo hajaelewa bado uhuru ni nini.

Basi swali la mwanzo lapata jibu lenye pande tatu. Mwenye wimbo ni yule aliyeutia kitu ambacho bila yeye kisingalikuwamo. Ni yule ambaye faida ikitoka, fungu lake humfikia bila kwenda mahakamani. Na ni yule awezaye kuuanza, kuugeuza na kuuacha kwa shauri lake. Penye la kwanza bila mawili yanayofuata, sauti ni ya mtu lakini wimbo umekwisha kuwa wa mwingine. Msikilizaji naye hakutoka katika hesabu hii. Yeye hufurahi bure, na furaha ya bure ni tamu. Lakini mara moja moja, katikati ya dansi, yafaa aulize jina la anayeimba, na kama amelipwa.